Kwa nini walimpigia makofi mke wa tajiri wa unga?

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana hapa Mikindani, Mtwara. Mwezi uliopita tulionyesha Traffic, ile sinema ya mwaka 2000 kuhusu biashara ya dawa za kulevya, uani kwa mwenzetu, usiku, ikiwa na mtafsiri. Walikuja watu kama 70, wakubwa kwa wadogo. Vijana walimpigia makofi mke wa tajiri wa unga alipochukua biashara ya mumewe. Walicheka binti wa jaji alipokuwa hoi kwa kulewa. Nusu yao waliondoka kabla ya mwisho. Mzee mmoja akatuambia tunawafundisha watoto uhalifu. Tulipouliza wamejifunza nini, kila mtu akajibu "dawa za kulevya ni mbaya", wakanyanyuka. Tunataka kuionyesha tena Lindi kabla minada ya korosho haijaanza. Je, filamu yenyewe haifai kwa watu wetu, au kuna tulipokosea? – Msomaji, Mikindani

JIBU: Ndugu zangu, filamu inafaa, ila kwa watu wazima tu. Makofi yale nayo huenda hayana ubaya mnaoudhani. Kabla ya kuamua watazamaji wenu wana maadili gani, tuangalie waliona nini hasa usiku ule, maana nina hakika wengi wao hawakuiona filamu iliyotengenezwa.

Mtu wa kibanda umiza huketi akimtafuta stelingi. Amezoea kumpata ndani ya dakika kumi za mwanzo, amshike, aende naye mpaka mwisho. Traffic haimpi huyo mtu. Mwongozaji wake, Steven Soderbergh, amesuka hadithi tatu zinazopishana. Ya kwanza ni ya Javier Rodriguez, askari wa Tijuana, Mexico, aliyeigizwa na Benicio Del Toro, anayegundua kuwa jenerali anayemtumikia anapigana na genge moja kwa faida ya genge jingine. Ya pili ni ya Robert Wakefield, jaji wa Ohio anayeteuliwa kuongoza vita dhidi ya dawa za kulevya Marekani nzima wakati binti yake mwenyewe, Caroline, anazitumia. Ya tatu ni ya Helena Ayala wa San Diego, Marekani, ambaye mumewe anakamatwa asubuhi moja na ndipo yeye anapojua utajiri wao ulitoka wapi.

Sasa wapimeni hao watatu kwa macho ya mtu aliyekaa kwenye benchi. Javier haongei sana na uso wake hauonyeshi anachowaza. Wakefield anazunguka ofisini na kwenye vikao. Helena ana mimba, akaunti zimefungwa, wanaomdai mumewe wanatishia kumchukua mtoto wake, na hana wa kumkimbilia. Anatafuta njia, anaipata, anavuka mpaka, anakaa meza moja na wanaume wanaoogopwa na kupata anachotaka. Kati ya wote, yeye ndiye anayetenda, na makofi humfuata mtendaji. Mwanamke aliyeachiwa madeni na mume asiyekuwepo ni mtu anayejulikana Mikindani kama anavyojulikana San Diego. Wanaompigia makofi wanaweza kuwa wanashangilia kuponyoka kwake tu, bila kuishangilia kokeini.

Wanaweza pia kuwa wanaishangilia kokeini. Hamwezi kujua, kwa sababu hamkuandika makofi yalipigwa dakika ya ngapi. Helena anafanya mambo mawili mazito: anamtafuta muuaji wa kumwondoa shahidi anayetaka kumtia mumewe hatiani, na anafanya biashara mpya kwa kutumia midoli iliyofinyangwa kwa kokeini yenyewe. Makofi kwenye midoli ni ya ujanja. Makofi kwenye kuagiza mtu auawe ni jambo jingine kabisa, na hilo ndilo lingepaswa kuwakosesha usingizi. Nitarudi kwenye namna ya kuandika.

Kuondoka kwa nusu ya watu ndiko kunakonisumbua zaidi, na hapa nawaomba mtulie. Filamu hii ina dakika 147, yaani saa mbili na dakika 27. Karibu na mwisho kesi inavunjika, tajiri anaachiwa, anarudi nyumbani kwenye sherehe. Aliyeondoka hapo amekwenda kulala akijua kuwa mwenye unga alishinda. Hakumwona Wakefield akishindwa kuimaliza hotuba yake mbele ya waandishi na kuiacha kazi. Hakumwona Montel Gordon, askari wa Marekani wa kupambana na dawa za kulevya, akiingia kwa fujo kwenye nyumba ya tajiri, akipigwa na kutolewa nje, huku akiwa ameshabandika kinasa sauti chini ya meza. Hakumwona Javier, ambaye malipo aliyoyaomba kwa siri zake yalikuwa taa za uwanja ili watoto wacheze usiku. Hayo yote yako mwishoni kabisa. Kikundi chenu kilionyesha filamu mbili usiku mmoja: moja kwa waliobaki, nyingine kwa waliotoka, kisha mkawauliza wote swali moja.

Waliondoka kwa sababu ya saa. Jua la pwani ya kusini huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni kutegemea mwezi, na uani huwezi kuwasha projekta kabla giza halijaingia. Ukisubiri watu watoke kuswali Isha, mnaanza saa 2 usiku. Filamu inaisha saa 4 na dakika 27 bila mapumziko. Ongezeni dakika kumi za kunyoosha miguu na dakika arobaini za mazungumzo, mmefika saa 5 na robo. Akina mama wenye watoto walishaondoka saa 4, na mwenye kwenda kuvua alfajiri naye hayupo. Lindi tafuteni ukumbi unaofungika madirisha, Jumamosi, muanze saa 8 mchana. Pazia zito au maturubai meusi madirishani yanatosha. Mkishindwa kupata ukumbi, gawanyeni kwa usiku mbili. Msikate kwa kufuata saa ya ukutani: kati ya dakika ya 70 na ya 80 tafuteni mahali tukio linapokwisha, mkate hapo kabla hadithi haijahamia mji mwingine. Usiku wa pili mtafsiri atumie dakika tatu kukumbusha nani ni nani.

Rangi, na hili karibu kila mwonyeshaji hulipuuza. Soderbergh, ambaye pia ndiye aliyeshika kamera kwa jina la Peter Andrews, alizitenganisha hadithi kwa rangi ili mtazamaji ajue yuko wapi kabla hajasikia neno. Mexico ni ya manjano iliyoungua. Kwa Wakefield, Ohio na Washington, picha ni ya buluu baridi. San Diego ina mwanga wa kawaida, mng'avu. Mkiweka projekta au luninga kwenye hali ya rangi kali, kama wengi wanavyopenda kwa mpira, manjano inageuka chungwa inayofuta nyuso na buluu inakuwa nyeusi. Nakala iliyobanwa sana ili iingie kwenye flashi ndogo huharibu zaidi: sehemu za giza zinakatika vipande vipande. Mtazamaji akishapoteza rangi amepoteza ramani, na aliyepotea huanza kuongea na jirani yake. Chagueni hali ya sinema kwenye mipangilio, punguzeni ukali, kisha jaribuni tukio moja kutoka kila hadithi kabla watu hawajafika. Ukumbini penye giza zuri, projekta yenye mwangaza wa lumeni 3000 na shuka jeupe lililonyooshwa, upana wa mita mbili na nusu, vinatosha watu 60. Shuka likiwa na mikunjo, maandishi ya chini hayasomeki.

Na hayo maandishi yasiwape matumaini. Sehemu kubwa ya hadithi ya Javier ni ya Kihispania, na maandishi yake ni ya Kiingereza, kwa hiyo kila kitu kiko mikononi mwa mtafsiri. Kazi hii ina heshima yake nchini. Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa filamu, na waliomfuata waliwafundisha watazamaji wa Tanzania kuzipenda filamu za mbali kwa sauti ya mtu wa nyumbani. Lakini mtindo ule ulikua na sinema za ngumi, ambako mtafsiri anaruhusiwa kuongeza utani na kumpa mhusika jina la mtaani. Kwenye Traffic utani mmoja unageuza maana ya tukio zima. Mtafsiri akimwita Helena "bosi mama", ameshawaambia watu wamshangilie. Akimwita Caroline "teja" tangu tukio lake la kwanza, amewaruhusu kumcheka.

Mpeni mtafsiri filamu siku tano kabla. Aitazame mara mbili: mara ya kwanza bila kusema kitu, mara ya pili akiwa na karatasi ya majina yote na uhusiano wao. Mambo ya kukubaliana naye ni machache. Kila hadithi inapobadilika aseme mahali kwanza: "Tijuana." "Nyumbani kwa jaji." "San Diego." Awaite wahusika kwa majina yao. Sauti ya filamu ishushwe anapoongea, isizimwe. Na yako matukio ambayo anyamaze kabisa au aseme maneno matatu tu: Caroline na wenzake wakivuta, Wakefield akimtafuta binti yake, na uwanja wa mwisho. Maiki yake ipite kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ileile ya filamu, spika mbili ziwekwe mbele kwa urefu wa masikio ya mtu aliyeketi. Jenereta, kama mnalitumia, likae mita 25 au zaidi nyuma ya ukuta. Mngurumo wake ukiingia, mtafsiri hupandisha sauti, na anayepandisha sauti muda wote mwishowe anaigiza.

Kicheko juu ya Caroline, basi, mwulizeni kwanza mtafsiri alisema nini sekunde chache kabla. Kisha fikirieni nani alikaa na nani. Ndani ya hadithi yake mna tendo la ndoa na mna binti wa miaka 16 anayetumia mwili wake kupata dawa. Mjomba akikaa benchi moja na mpwa wake wa kike, kijana akikaa mbele ya baba mkwe, watacheka, kwa kuwa kicheko ndicho kinachowaruhusu wasitazamane. Watengeni: vijana wa kiume upande mmoja, wanawake upande mwingine, wazee nyuma karibu na mlango wa pembeni. Mtaona kicheko kinavyopungua bila kumkemea mtu.

Mzee aliyewalaumu ana haki kubwa kuliko mlivyompa. Kulikuwa na watoto. Filamu hii Marekani ilipewa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi, na Uingereza 18, yaani miaka 18 na kuendelea. Ina mateso, ngono, na inaonyesha matumizi ya dawa kwa karibu. Mlangoni pawe na mtu mzima asiyeona haya kurudisha watoto. Mpitieni pia afisa utamaduni wa halmashauri mapema, kwa sababu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka kibali kwa maonyesho ya hadhara, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inalinda kazi hii hata kama hamtozi kiingilio. Mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa wapewe taarifa. Mzee mwenyewe, au mwenzake wa Lindi, mwalikeni aitazame kabla, siku ya majaribio. Akiiona mpaka uwanja wa mwisho, siku ya maonyesho atakaa kama mwenyeji.

Msikubali ushauri wa kutafuta filamu ya kutisha zaidi. Mwaka 1936 Wamarekani walitengeneza Reefer Madness kuwatisha wazazi juu ya bangi: kijana anavuta, anakuwa mwendawazimu, watu wanakufa. Ilipoonyeshwa upya miaka ya 1970 wanafunzi wa vyuo waliitazama kama kichekesho. Kijana aliyemwona mvutaji bangi halisi mtaani kwake anajua picha inamdanganya, na akishakukamata kwenye uongo mmoja hakuamini kwenye ukweli unaofuata. Nguvu ya Traffic ni kwamba haimfichi mtu kitu: fedha ipo, nyumba nzuri ipo, na bei yake ipo.

Swali la "mmejifunza nini" liacheni. Ni swali la darasani na linajibiwa kidarasa. Isitoshe, W. Phillips Davison aliandika mwaka 1983 juu ya tabia ya watu kuamini kuwa ujumbe huwaathiri wengine kuliko wao wenyewe. Ndiyo maana mtu atakwambia filamu itawaharibu "vijana wa siku hizi", na kijana atasema itawaharibu wadogo zake. Ulizeni juu ya mambo yaliyoonekana. Nani alipata hela, na mwisho wa filamu alikuwa nayo nani? Nani alidanganywa? Mke wa Manolo, yule mwenzake Javier aliyeuawa, alibaki na nini? Ungekuwa Helena siku akaunti zilipofungwa, ungekwenda kwa nani hapa Lindi? Hili la mwisho ndilo litakaloleta mazungumzo ya kweli, kwa sababu watu watataja ndugu, kikoba, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), mkopeshaji wa mtaani, na mtasikia ni wapi mtu wa hapa anakwama mpaka pendekezo baya lianze kusikika kama msaada.

Wapeni dakika tano za kupumua kwanza, wagawanyike makundi ya watu wanane hadi kumi, umri na jinsia mbalimbali, kisha warudi pamoja. Wasiopenda kuongea wapeni kokoto moja moja na bakuli tatu zenye majina Javier, Wakefield, Helena: watumbukize kwa aliyefanya uamuzi mgumu zaidi. Fanyeni hivyo kabla ya mjadala na tena baada yake. Kokoto zikihama, ulizeni kwa nini. Zisipohama, msiwasukume.

Kuhusu kuandika: watu wawili, pembe mbili za ukumbi, saa zao zikianza sifuri filamu inapoanza. Karatasi iwe na safu nne: dakika, tukio, walichofanya, kina nani. Waandike makofi, kicheko, minong'ono, mtu anayesimama, na hasa ukimya. Kila dakika kumi wahesabu vichwa. Wasiandike "walifurahi" au "walichukia", maana hiyo ni tafsiri. Waandike "vijana wa mbele, makofi, sekunde kama tano, mtafsiri alikuwa anaongea". Usiku uleule karatasi mbili zilinganishwe. Palipo kwenye karatasi moja tu, pawekewe alama ya kuuliza. Simu ya kurekodi mjadala iwekwe mezani mbele ya wote, kwa ridhaa yao, na nyuso zisipigwe picha.

Sasa mambo ya usalama, ambayo siyaombi bali nayataka. Mtu anayejitahidi kuacha unga akiona sindano na moshi kwa karibu anaweza kushikwa na hamu kali ghafla. Tangazeni mwanzoni kuwa matukio hayo yamo, wekeni mtu wenu aliyetulia karibu na mlango wa pembeni, na anayetoka asiitwe wala kutaniwa. Kama mnamjua aliyepata nafuu na yuko tayari kuzungumza, mpeni nafasi baada ya filamu, si kabla, na aamue mwenyewe aseme nini. Askari mwenye sare asiwe mgeni rasmi, kwani ukumbi utajibu kwa ukimya na mtauandika kama heshima.

Mjadala ukianza, semeni wazi: hakuna kutaja jina la mtu aliye hai wala nyumba yake. Lindi si Tijuana, lakini bahari hii inajua habari hizo. Heroini ya Afghanistan imekuwa ikipakiwa pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, ikaja kwa majahazi mpaka Afrika Mashariki na kaskazini ya Msumbiji. Januari 2012 zaidi ya kilo 200 zilikamatwa mkoani Lindi. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja kwenye jahazi mashariki ya pwani ya Kenya. Mtu akisema "hayo ni ya Mexico", mna la kumweleza. Mtu akianza kumtaja jirani, msimamisheni hapohapo: aliye na taarifa apige 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, akiwa peke yake.

Ataulizwa mtu wenu dawa ya kuacha ni ipi, na asibuni. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili Februari 2011, ni kwa waliozoea heroini na jamii yake. Haimtibu wa kokeini wala wa bangi, na kwa kawaida hutolewa kliniki kila siku chini ya uangalizi. Pa kuanzia ni hospitali ya mkoa: Sokoine kwa Lindi, Ligula kwa Mtwara. Nendeni kabla ya maonyesho, muulize mgonjwa apokelewe dirisha gani na siku zipi, muandike kwenye karatasi ndogo za kugawa mlangoni watu wanapotoka.

Wiki moja baadaye watafuteni watu sita waliobaki mpaka mwisho na wanne waliotoka mapema. Waulizeni jambo moja: "Nisimulie ile filamu." Msiwakatishe. Anayeanza na midoli na kuishia kwenye sherehe, na anayeishia kwenye taa za uwanja, wekeni masimulizi yao upande kwa upande na karatasi za dakika. Kama kumi hao wote wataishia kwenye sherehe hata baada ya marekebisho haya, niandikieni tena mkiambatanisha karatasi, tuangalie dakika ishirini za mwisho mtafsiri alikuwa anasema nini.